Mahema ya Greenwood

Kuna picha moja ya mwaka 1921 ambayo kila nikiitazama nadhani imepigwa hapa kwetu. Ni ndani ya hema. Wanaume wawili na mwanamke mmoja, wote weusi, wamevaa vizuri kabisa kama watu wanaosubiri wageni, wameketi kazini. Wanaume ni wanasheria: mmoja anaitwa B.C. Franklin, mwingine I.H. Spears. Mwanamke ni katibu wao, Effie Thompson. Siku tano tu zimepita tangu mji wao uteketezwe. Sasa hema ndiyo ofisi.

Niliiona picha hiyo kwenye simu ya kijana mmoja wa darasa letu la jioni. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ni kambi gani?" Nikamwambia si kambi, ni Marekani. Hakuniamini. Wenzake wakacheka. Siwalaumu. Kwa wengi wetu hapa Marekani ni mahali pa kwenda, si mahali pa kukimbia. Ukiitaja tu, mtu anafikiria usaili, vipimo vya hospitali, basi la alfajiri, mfuko wa karatasi za safari uliofungwa mkononi. Basi makala hii nimeiandika kwanza kwa ajili ya vijana wale, ambao baadhi yao huenda wakafika huko kabla yangu. Na pili kwa ndugu zetu wa mashirika, maana na wao wamo humu ndani.

Mji wenyewe unaitwa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma. Mafuta yaligunduliwa karibu, pesa zikamwagika, watu wakaja kutoka kila upande. Weusi nao walikuja, wengi wao watoto na wajukuu wa watumwa, wakitafuta mahali ambapo mtu angeweza kununua kiwanja na kukiita chake. Lakini Oklahoma ilipokuwa jimbo mwaka 1907, moja ya sheria zake za kwanza kabisa ilikuwa ya kuwatenganisha weusi na weupe kwenye treni. Tulsa weusi walifanya kazi upande wa weupe, wakapika, wakafua, wakaendesha magari ya matajiri, halafu jioni wakavuka reli kurudi kwao. Kwao palikuwa Greenwood.

Sasa hapo ndipo penye utamu wa historia hii, na watu wengi huupita haraka wakikimbilia moto. Kwa kuwa pesa ya mtu mweusi haikukaribishwa upande wa pili wa reli, ilibaki Greenwood ikizunguka. Mtu mmoja, O.W. Gurley, alikuwa amenunua ardhi na kuwauzia weusi wenzake. J.B. Stradford, ambaye baba yake alizaliwa utumwani, alijenga hoteli ya vyumba 54. John na Loula Williams walikuwa na ukumbi wa sinema ulioitwa Dreamland. A.J. Smitherman alichapisha gazeti, Tulsa Star. Kulikuwa na madaktari, wanasheria, vinyozi, maduka ya vyakula, shule, makanisa. Kanisa la Mount Zion lilikuwa limefunguliwa Aprili 1921, likiwa bado na deni kubwa la ujenzi. Watu karibu 10,000 waliishi pale. Wengi hawakuwa matajiri, tusidanganyane. Walikuwa wafanyakazi wa nyumbani na vibarua. Lakini walikuwa na mtaa wao, na mtaa ulikuwa na majina yao.

Tarehe 30 Mei 1921 kijana wa kung'arisha viatu, Dick Rowland, aliingia kwenye lifti ya jengo moja mjini. Lifti iliendeshwa na msichana mweupe, Sarah Page. Msichana akapiga kelele, kijana akakimbia, karani wa duka akaita polisi. Basi. Wengine husema alijikwaa akamshika mkono ili asianguke. Msichana mwenyewe hakutaka kumshitaki, na kesi ilifutwa Septemba mwaka ule. Lakini kesho yake, tarehe 31, Rowland alikamatwa, na gazeti la jioni la weupe, Tulsa Tribune, likaandika kwamba mweusi amemshambulia msichana ndani ya lifti. Jua lilipozama watu weupe walikuwa wamejaa mbele ya mahakama alikofungwa.

Kwa nini weusi hawakukaa majumbani mwao wakaiachia sheria? Swali hilo niliulizwa darasani, tena na mzee mwenye busara zake. Jibu ni kwamba walishaona. Mwezi Agosti 1920, miezi tisa tu kabla, kundi la watu lilimtoa mfungwa mmoja katika mahakama hiyohiyo ya Tulsa, Roy Belton, likaenda kumnyonga nje ya mji, na polisi hawakulizuia. Na yule alikuwa mweupe! Sasa mweusi je? Kwa hiyo wanaume wa Greenwood, baadhi yao askari waliorudi kutoka vita ya kwanza ya dunia huko Ufaransa, walibeba bunduki zao wakaenda mahakamani kumwambia mkuu wa pale kwamba wako tayari kumsaidia kumlinda mfungwa. Wakaambiwa warudi. Wakarudi. Baadaye wakaja tena, mara hii wapata 75, wakikuta kundi la weupe limeshakuwa kubwa mno. Mzungu mmoja akajaribu kumnyang'anya mweusi bunduki yake. Risasi ikalia.

Usiku ule polisi waliwaapisha mamia ya raia weupe kuwa askari wa muda, wengine wakapewa silaha. Alfajiri ya tarehe 1 Juni maelfu walivuka reli. Waliingia nyumba kwa nyumba, wakawatoa watu, wakabeba walichotaka, halafu wakatia moto. Mashuhuda walieleza juu ya ndege zilizopita juu ya mtaa zikipiga risasi na kuangusha vitu vya moto. Franklin yule wa picha aliandika miaka kumi baadaye kwamba alisikia kama mvua ya mawe ikigonga juu ya jengo la ofisi yake, na kwamba majengo yalianza kuwaka kutoka juu. Daktari A.C. Jackson, mpasuaji aliyesifika, alitoka nyumbani kwake mikono ikiwa juu. Akapigwa risasi hapohapo. Kikosi cha jimbo kilipofika kutoka Oklahoma City, ilikuwa saa tatu asubuhi na karibu kila kitu kilikuwa kimeshawaka.

Mitaa 35 iliungua. Msalaba Mwekundu ulihesabu nyumba 1,256 zilizochomwa, na nyingine 215 zilizoporwa bila kuchomwa. Waliokufa, serikali iliandika 36. Wanahistoria wanasema kati ya 100 na 300. Mtu akiniuliza kwa nini tofauti ni kubwa hivyo, namjibu kwamba aliyeua ndiye aliyezika na ndiye aliyeandika.

Sehemu inayofuata niliisoma mara mbili.

Weusi zaidi ya 6,000 walikusanywa wakafungiwa katika ukumbi wa mikutano, uwanja wa mpira na uwanja wa maonyesho. Walioshambuliwa ndio waliowekwa chini ya ulinzi! Na kutoka haikuwa rahisi: sharti mzungu, hasa mwajiri wako, aje akudhamini. Ukitoka unapewa kadi, kadi ya kijani, yenye jina lako na jina la unayemfanyia kazi. Mweusi aliyekutwa mjini bila kadi alikamatwa. Hali hii iliendelea kwa wiki kadhaa. Yaani mtu amezaliwa nchini mwake, ana nyumba yake hata kama sasa ni majivu, halafu anatembea na kadi ya kueleza yeye ni wa nani. Hapa kwetu, mtu akipoteza kadi ya mgao, mtaa mzima unajua kabla ya saa sita. Sihitaji kueleza zaidi.

Halafu wakaja watu wa msaada. Msalaba Mwekundu wa Marekani ulimtuma Maurice Willows, mzungu kutoka St. Louis. Shirika lilizoea mafuriko na vimbunga, mambo ambayo hayana mkosaji. Hapa mkosaji alikuwepo, tena ndiye mwenye mji, ndiye ameshika ofisi. Willows aliweka makao yake katika shule ya Booker T. Washington, ambayo haikuungua. Wakagawa mahema, chakula, dawa, vitanda, mashine za kushonea. Wauguzi wakazunguka. Baadaye zikatolewa mbao za kuweka sakafu na kuta ndani ya mahema, maana baridi ya Oklahoma si ya kuchezea. Wengi waliishi humo mpaka majira ya baridi ya 1921 na 1922.

Wakubwa wa mji, kwa upande wao, walitangaza kwamba Tulsa imefedheheka na itajenga upya yenyewe, kwa hiyo michango ya kutoka nje walikuwa wakiirudisha. Hawakujenga. Ndugu zangu wa mashirika, angalieni hapo: msaada ulikataliwa kwa jina la uungwana, na waliokataa si waliolala kwenye mahema.

Nimejaribu kumpima Willows bila upendeleo. Shirika lake halikuwajengea watu nyumba, lilisema kazi hiyo ni ya mji. Mtu mwenye nguvu alitakiwa afanye kazi ndipo apate msaada, kana kwamba uvivu ndio uliowafikisha pale. Lakini Willows hakuwakimbia. Alikaa mpaka Desemba. Katika ripoti yake hakujifanya anajua idadi ya waliokufa. Aliandika kwamba ni makisio, na kwamba wako waliotaja hadi 300. Wakati ule, mzungu kuandika 300 kwenye karatasi rasmi haikuwa jambo dogo. Watu wa Greenwood waliipa hospitali yao jina lake. Mimi nimeona mashirika mengi yakija na kuondoka. Sijaona wakimbizi wakimpa mtu wa shirika hospitali. Mtoto, ndiyo, wamempa jina.

Ile picha ya hema ilipigwa katika vita nyingine, ya karatasi. Moto ulikuwa haujapoa vizuri, Juni hiyohiyo, halmashauri ya mji ilipitisha kanuni mpya ya moto: atakayejenga tena katika sehemu kubwa ya Greenwood ajenge kwa vifaa visivyoshika moto, na nyumba iwe ya ghorofa. Inasikika kama usalama, si ndiyo? Nani anapinga usalama? Lakini mtu aliyebaki na nguo aliyovaa atapata wapi matofali ya ghorofa? Lengo lilikuwa ardhi. Viwanda na stesheni ya reli vilitakiwa pale, weusi wasogee kaskazini zaidi, na meya hakulificha hilo. Franklin na wenzake wakafungua kesi kutoka ndani ya hema, na wakati huohuo wakawaambia watu: jengeni kwa chochote mlicho nacho, hata maboksi, mkikamatwa tutawatoa. Kesi walishinda. Kanuni ikafutwa. Katika habari yote hii hakuna mahali ninapopapenda kama hapo, na nakiri sababu moja ni kwamba ninaandika haya chini ya turubai.

Fidia hawakupata. Madai ya zaidi ya dola milioni 1.8 yalipelekwa kwa mji yakakataliwa. Mmoja aliyelipwa ni mweupe mwenye duka la rehani, alilipwa kwa ajili ya bunduki zilizochukuliwa dukani kwake usiku ule. Soma tena sentensi hiyo polepole. Makampuni ya bima nayo yalifungua mikataba yakaonyesha kifungu kimoja: hatulipi hasara iliyotokana na ghasia. Na baraza la mahakama lilishaamua, mwezi huohuo wa Juni, kwamba ilikuwa ni ghasia, tena iliyosababishwa na weusi waliobeba silaha. Stradford wa hoteli alishitakiwa, akatoroka mpaka Chicago. Smitherman wa gazeti naye alitoroka. Mashtaka ya Stradford yalifutwa mwaka 1996, yeye akiwa ameshakufa siku nyingi.

Kwa hiyo neno lilikuwa na bei. Kwa miaka mingi Wamarekani waliita jambo hili ghasia za Tulsa. Ghasia ni pande mbili zimegombana. Leo wengi wanaita mauaji ya halaiki. Kijana mmoja darasani alisema, "Mwalimu, jina linabadilisha nini, si watu walishakufa?" Nilimjibu vibaya, kwa haraka. Kama ningepewa nafasi ya pili ningemwambia: jina liliamua nani analipwa. Na ningemuuliza sisi wenyewe tunaitaje yetu. Tunasema "wakati wa vita". Nyumba yetu iliungua wakati wa vita. Baba alipotea wakati wa vita. Kana kwamba vita ni mvua, imenyesha, imekatika. Sisemi tuanze kutajana humu kambini, tunaishi mlango kwa mlango na siyo kila kitu ni cha kuandika mwaka huu. Nasema tu kwamba neno "vita" halina mtu ndani yake.

Kilichofuata Tulsa kilikuwa kimya. Shuleni hapakufundishwa. Katika nakala za Tulsa Tribune zilizohifadhiwa, ile habari ya lifti ilichanwa ikatolewa, na sehemu ya ukurasa wa maoni wa siku hiyo pia. Weupe walinyamaza kwa aibu au kwa woga wa kesi. Weusi walinyamaza kwa sababu ambazo mnazijua bila kuambiwa: hutaki mwanao akue na hofu, na wale waliochoma bado unakutana nao dukani. Greenwood ilijengwa upya kwa pesa za wenyewe. Mwaka 1925 ilipokea mkutano wa taifa wa wafanyabiashara weusi, na kufikia miaka ya 1940 ilikuwa na biashara zaidi ya 200. Mount Zion waliendelea kulipa deni la kanisa lililokuwa limeshakuwa majivu, mpaka likaisha mwaka 1942. Halafu barabara kuu ikapasuliwa katikati ya mtaa, na moto ulichoshindwa kumaliza, greda lilikaribia kumaliza.

Mtoto wa Franklin, John Hope Franklin, alikuwa na miaka sita mwaka 1921. Familia ilikuwa njiani kuhamia Tulsa. Walimfuata baba yao mwaka 1925 tu. Alikuja kuwa mmoja wa wanahistoria wakubwa wa Marekani. Nadhani mtu aliyesubiri miaka minne kwa ajili ya hema la baba yake hahitaji kuelezwa kwa nini historia inaandikwa.

Mwaka 1997 jimbo liliunda tume. Mwaka 2001 tume ikatoa ripoti na kupendekeza walionusurika na wazao wao walipwe. Hawakulipwa. Kesi ya 2003 ilikataliwa kwa kuwa muda umepita. Kesi nyingine ilifunguliwa 2020. Viola Fletcher alikwenda kusema mbele ya Bunge la Marekani Mei 2021 akiwa na miaka 107. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Oklahoma iliitupa kesi hiyo. Januari 2025 Wizara ya Sheria ikatoa ripoti yake: yaliyotendeka yalipangwa, lakini hakuna wa kushitaki tena, wote wamekufa. Meya wa sasa, Monroe Nichols, mweusi wa kwanza katika kiti hicho, ametangaza mpango wa mfuko wa dola milioni 105 kwa ajili ya nyumba, majengo ya kale na elimu. Tutaona. Mimi nimekaa kambini muda wa kutosha, neno "mpango" nalisikia kama neno "kesho".

Lakini mwaka 2024 kulitokea jambo lililonigusa kuliko kesi zote. Tangu 2020 walikuwa wanachimba katika makaburi ya Oaklawn, mjini Tulsa, kutafuta waliozikwa bila alama. Julai 2024 walimtambua wa kwanza kwa vipimo vya damu ya ukoo: C.L. Daniel, askari wa zamani wa vita ya kwanza, mtu wa Georgia. Na katika nyaraka za taifa ilipatikana barua ya mwaka 1936, iliyoandikwa na mwanasheria kwa niaba ya mama yake, akiomba mafao ya mwanawe aliyeuawa Tulsa. Miaka 15 baada ya kifo, mama bado anaandika ofisini. Barua ikawekwa kwenye faili, faili likakaa miaka 88, na mwishowe ndiyo iliyosaidia kuthibitisha kwamba mwanawe aliuawa siku zile.

Na kabla ya wote hao alikuwepo mwalimu wa kupiga chapa, Mary Jones Parrish. Usiku ule alikuwa anasoma kitabu, binti yake mdogo akachungulia dirishani akaona watu wenye bunduki. Walikimbia pamoja kwa miguu. Aliporudi hakukuta kazi wala nyumba, akaanza kuwauliza watu mmoja mmoja yaliyowapata, akaandika, akakusanya picha, akaweka na orodha ya waliopoteza na walichopoteza. Nakala zilizochapwa zilikuwa chache mno. Hakuna aliyelipwa kwa sababu ya orodha ile. Ila tume ilipoanza kutafuta mwaka 1997, yeye alishawatangulia kwa miaka zaidi ya 70.

Baada ya kumsoma nilinunua daftari la kurasa 96. Nikaenda kwa mama. Tangu tutoke Uvira 1996 hajawahi kuitaja nyumba yetu isipokuwa kwa bahati mbaya, kama mtu aliyeng'atwa. Nikamwambia, mama, naomba tuandike. Akaendelea kuchambua maharage. Nikadhani amekataa. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Andika mabati ishirini na manne."

Mama mdogo, aliyekuwa amelala mkekani, akainuka. Akasema si kweli, yalikuwa ishirini na mawili, mawili yalikuwa ya jirani, tuliyaazima mwaka ule wa mvua kubwa tukafunika jiko. Mama akasema yalirudishwa. Mama mdogo akasema hayakurudishwa, yeye ndiye aliyetumwa kuomba samahani. Walibishana mpaka giza likaingia, wakataja na mlango wa mninga, na mwembe, na cherehani, na jina la fundi aliyepiga misumari.

Nimeandika idadi zote mbili. Jumamosi tunaendelea na vitu vya chumbani.